Marekani: Mwanafunzi mkimbiaji asihukumiwe kwa saa peke yake

Msimu wa mbio za nyika kwa wanafunzi wa sekondari nchini Marekani huanza mwezi wa 8 na kufikia kilele mwezi wa 11, majimbo yanapotafuta mabingwa. Ndipo wazazi na makocha wanapolinganisha dakika za watoto, na wengi wanaonewa.

Uwanja wa riadha una mita 400 popote. Njia za nyika hazifanani. Huko New York, wanafunzi hukimbia kilomita 4 hivi katika bustani ya Van Cortlandt, wakipanda vilima vya msituni. Huko California, njia ya Mt. SAC haifiki kilomita 5, lakini milima yake inamaliza miguu. Ile ya Fresno, kwenye fainali za jimbo tangu 1987, ni ndefu kidogo lakini ina nafuu. Mvua ikinyesha, tope nalo linachelewesha.

Sheria za mchezo zenyewe zinalitambua hilo. Timu huingiza wakimbiaji 7, nafasi za 5 wa kwanza zinajumlishwa, na yenye pointi chache ndiyo inashinda. Saa haitoi kombe.

Kocha anayemwacha mtoto kwa sababu ya dakika alizopata mlimani anajinyima mkimbiaji hodari. Wazazi pia, wakiwemo Wakongo waliohamia huko, waanze kumuuliza mtoto: njia ilikuwaje, na umefika wa ngapi? Dakika zitafuata.