Bima Ikikatika Mimba Ikiwa Kubwa

Ukiachishwa kazi mimba ikiwa ya miezi minane, usikimbilie kukata bima nyingine kabla ya kuuliza: "Gharama za uzazi zitalipwa kuanzia lini?" Bima nyingi za binafsi zina muda wa kungoja, na mtoto hangoji.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza mjamzito ahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Basi wewe wa Mwenge, peleka kadi yako ya kliniki Sinza au Mwananyamala mapema, kabla ya uchungu. Fedha ya bima iweke kwa nauli ya usiku na vifaa vitakavyokosekana.

Ikiwa umeachishwa kwa sababu ya mimba, sheria ya ajira ya 2004 inakataza. Lalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.