Mnunuzi si Mwombaji

Katika maisha ya mtu wa kipato cha kawaida kuna vitu viwili ambavyo hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi: nyumba na gari. Nyumba tunaikagua mpaka msingi. Tunawauliza majirani kama kiwanja kina kesi, tunakwenda kuitazama wakati wa mvua tuone maji yanapita wapi. Gari, kinyume chake, tunalizunguka mara mbili, tunapiga teke gurudumu, tunafunga mlango tusikie mlio wake, kisha tunahesabu fedha. Mimi nasema desturi hii ni mbovu, na ubovu wake umeongezeka maradufu tangu magari ya haibridi yalipoanza kuletwa kwetu kwa wingi.

Nilipoanza kutafuta gari la familia sikuwa na haja ya fahari. Tuko watano nyumbani, mjini Bukoba, na karibu kila Jumamosi twende Muleba kumwona mama. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita mia moja, na hakuna anayerudi mikono mitupu kutoka kibanjani. Mkungu wa ndizi ni lazima, na pengine miwili. Petroli kwetu ni ghali kuliko Dar es Salaam, kwa sababu inakatiza nchi nzima ndipo itufikie. Anayebisha na asome bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi, mji kwa mji. Mwaka 2022 lita moja ilivuka shilingi 3,000. Kwa hiyo nilitaka gari dogo la haibridi, lenye injini isiyozidi lita moja na nusu.

Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza umeme wa kulichaji nitautoa wapi, maana mkoa wetu kwa miaka mingi ulivuta umeme kutoka Uganda na kukatika kwake tunakujua. Swali hilo linaonyesha jinsi jambo lenyewe lisivyoeleweka. Haibridi ya kawaida haichomekwi ukutani. Ina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri kubwa inayojazwa na gari lenyewe. Unapokanyaga breki au unapoteremka, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari jingine ingepotea kwa joto la breki hurudi kwenye betri. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani mwezi Desemba 1997. Si uchawi wa jana.

Wengine wakasema ni gari la miji ya Ulaya, halifai milimani. Hoja hii nayo nusu yake ni kweli na nusu ni uvivu wa kufikiri. Ni kweli kwamba magari mengi ya aina hii yako chini chini, na anayeishi kwenye njia ya changarawe iliyochimbwa na masika atang'oa bampa kabla ya kuona faida. Ni kweli pia kwamba katika baadhi yake betri imekula nafasi ya buti, na mkungu mkubwa hauingii. Mwenye shamba Kyerwa asidanganywe na mwenye ofisi mjini. Lakini kwa sisi tunaotembea zaidi kwenye lami, milima si adui wa haibridi. Unalipa wakati wa kupanda, unarudishiwa sehemu wakati wa kushuka. Gari la kawaida hurudisha nini? Harufu ya breki.

Basi ugomvi wangu si na mashine. Ugomvi wangu ni na namna inavyouzwa.

Katika yadi moja, ambayo sitaitaja, niliomba kuliendesha gari nililolipenda. Kijana aliyekuwa akiuza akaniambia kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, hapa gari halijaribiwi barabarani. Liwashe usikilize injini." Nikaliwasha. Kimya. Na kimya hicho ndicho kiini cha maneno yangu yote! Haibridi ikiwashwa aghalabu injini haiungurumi. Taa inawaka kwenye dashibodi kukuarifu kwamba liko tayari, basi. Kumwambia mtu asikilize injini ya haibridi iliyosimama ni kumwambia aonje chakula kwa kukitazama. Miaka yote tumekubali kununua kwa masikio, na sasa imekuja mashine isiyosema kitu, lakini muuzaji angali anatuambia tusikilize.

Kitu kinachochakaa katika gari hili, na kinachogharimu fedha nyingi, ni ile betri kubwa. Katika Prius nyingi za zamani ni mkusanyiko wa vipande vingi vilivyounganishwa mpaka kufikia volti kama 200. Kipande kimoja kikichoka, vyote vinayumba. Betri hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu likizibwa na vumbi, magunia au majani ya migomba, betri inapata joto na umri wake unapungua. Hayo yote huyaoni kwa kulizunguka gari. Hata taa ya onyo si ushahidi wa kutosha, kwa maana fundi anaweza kuifuta asubuhi kwa kifaa chake, nayo ikabaki imezimika mpaka gari litakapopewa kazi ya kweli.

Kazi hiyo ya kweli ni mlima. Pakia watu wanne. Panda mwinuko mrefu, kama ule wa kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, ukitazama picha ya betri kwenye kioo cha dashibodi. Betri nzima hushuka polepole, na wakati wa kuteremka hupanda polepole. Betri iliyochoka hurukaruka: sasa hivi imejaa, baada ya dakika chache iko tupu, na feni ya nyuma inapiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Nusu saa inatosha kumwepusha mtu na hasara ya ada za mwaka mzima za watoto wake. Hiyo nusu saa ndiyo tunayonyimwa.

Wauzaji wana hoja zao, na ni haki kuzisikiliza. Wanasema wako wezi wanaojifanya wanunuzi. Ni kweli, basi shika kitambulisho changu, keti pembeni yangu, au endesha wewe mwenyewe nami nikae abiria. Wanasema mafuta ni ghali. Nitayalipia. Wanasema gari bado halijasajiliwa, haliruhusiwi barabarani. Hoja hii ina uzito kuliko zote, lakini dawa yake ipo: tuandikiane kwamba sehemu kubwa ya malipo itatolewa baada ya usajili na majaribio. Muuzaji anayekataa yote matatu hajilindi dhidi ya mwizi. Anajilinda dhidi ya mlima.

Sheria nayo haikumsahau mnunuzi. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaokubalika sokoni. Lakini sheria hiyo hiyo ina makali upande wa pili: ukiwa umekikagua kitu, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Ndugu msomaji, tafakari hapo. Muuzaji anakupa ukaguzi wa kuzunguka na kupiga teke gurudumu, kisha kesho anakuambia, "Si ulilikagua mwenyewe?" Ndiyo sababu ukaguzi wa nusu ni hatari. Ama ukague kweli, ama iandikwe kwenye mkataba kwamba hukupewa nafasi ya kukagua.

Wala lawama zote zisiangukie yadi. Sisi Wahaya tumetaniwa vya kutosha kwa kupenda kuonekana, nami sitaki kuongeza chumvi. Lakini nani asiyejua haraka ya mwezi Desemba? Gari lazima lifike kijijini kabla ya Krismasi, liwe limeoshwa, lipige honi kwenye njia ya migomba. Mtu mwenye haraka ya namna hiyo hajaribu gari. Anaogopa asije akalikuta bovu. Muuzaji anaijua haraka hiyo kuliko daktari anavyoijua homa. Vilevile kuna kupenda gari lililo kuukuu kwa sababu bei yake inavutia, ilhali ushuru hupanda kadiri gari linavyozeeka, na betri nayo imezeeka pamoja nalo. Unafuu unabaki kwenye tangazo tu.

Mimi hatimaye nilinunua kwa mtu aliyenikabidhi ufunguo bila kuombwa mara ya pili. Hakuwa na yadi. Alinionyesha hati ya Japani yenye kilomita zilizoandikwa, tukazilinganisha na saa ya gari, tukapanda Kamachumu pamoja na kurudi. Bei yake ilizidi ya yadi, na sikuona uchungu kumlipa, kwa kuwa nilijua ninalipia nini.

Tusinunue tena mbuzi kwenye gunia. Anayebeba akiba ya miaka saba mfukoni hakwenda kuomba sadaka. Amekwenda kufanya biashara, na biashara ina pande mbili. Siku ambayo wanunuzi kumi wa Bukoba watageuka na kuondoka mara tu wanaponyimwa ufunguo, wa kumi na moja ataukuta unamsubiri mlangoni.