Picha Iliyotungwa na Mipaka ya Viwanja

Msafiri aendaye Kamanga kwa kivuko kutoka Mwanza huliacha Jiwe la Bismarck karibu na gati. Chombo kisogeapo, jiwe hilo huonekana kuhama upesi, ilhali vilima vya mbali havielekei kuhama. Tofauti hiyo ndiyo ielezayo umbali wa kila kitu, na ndiyo msingi wa elimu ya kubana picha zilizopigwa kutoka pembe nyingi.

Kamera tano zikilitazama jiwe hilo kwa wakati mmoja, sehemu kubwa ya picha zao hufanana. Kwa hiyo kompyuta huhifadhi picha moja kamili, hubashiri nyingine kwa kuhamisha vipande vya ile ya kwanza, na huweka tofauti tu. Nyongeza ya mwaka 2009 katika kanuni ya kimataifa ya H.264 iliweka utaratibu huo. Baadaye kanuni ya 3D-HEVC ikaongeza ramani za umbali. Kwa ramani hizo huweza kutungwa picha ya kutoka mahali ambapo hapakuwa na kamera yoyote.

Lakini nyuma ya jiwe yamo maji ambayo hayakuonwa na kamera hata moja. Picha mpya ikibidi kuyaonyesha, kompyuta hukisia, na kisio hilo hupendeza kama kweli. Njia ya NeRF, iliyotangazwa mwaka 2020, hutoa picha za kuvutia mno. Tatizo hilo haikuliondoa.

Kwa burudani hakuna ubaya. Kwa upimaji wa ardhi, upo. Kuanzia 2016 Zanzibar ilipiga picha visiwa vyake kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kila mahali pakionekana katika picha kadhaa. Mwanza, ambako nyumba zimepanda vilima vya mawe, jabali laweza kuficha ukuta ulio mpaka wa kiwanja. Afisa ardhi aliyekabidhiwa picha iliyotungwa atajuaje kama pembe ya ukuta huo ilionwa au ilikisiwa?

Watunza kumbukumbu hulalamikia gharama za hifadhi, nao wana haki. Hata hivyo, picha za asili zitumikazo kupima ardhi zisifutwe. Zibanwe kwa njia isiyopoteza chochote. Na picha ya kutungwa isipokelewe ofisini bila alama za sehemu zilizokisiwa. Alama hizo hazihitaji nafasi kubwa: kwa kila nukta ya picha, tarakimu moja, sifuri au moja, yatosha kueleza kama nukta hiyo ilionwa na kamera.