WAKUFUNZI NAO WAFUNZWE

Wasomaji wenzangu, tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, lawama zote zimetushukia sisi wanafunzi. Ati tu wavivu, ati tunaandikiwa insha na mashine. Haya, tumesikia. Je, wakufunzi wa vyuoni, hasa vyuo vya ualimu wanakopikwa walimu wetu wa kesho, wamefundishwa nini kuhusu hiyo akili mnemba?

Binamu yangu yuko chuoni. Muhula uliopita alipewa sufuri kwa kuwa programu fulani ilisema insha yake imeandikwa na mashine. Maskini, aliitunga mwenyewe, na rasimu zake anazo! Mkufunzi hakutaka hata kuzitazama.

Sasa sikilizeni. OpenAI, kampuni iyo hiyo iliyounda ChatGPT, ilitoa chombo cha kunasa maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, kilinasa asilimia 26 tu, na maandishi 9 ya binadamu katika kila 100 kiliyasingizia. Julai mwaka uo huo kikaondolewa. Ikiwa fundi mwenyewe alishindwa, mkufunzi wetu anajuaje?

Semina ya siku moja, chai na mandazi, haitoshi, bwana! Wapewe muhula mzima. Waiulize mashine maswali ya mitihani yao, waone inavyokisia neno baada ya neno, na inavyotaja bila haya vitabu ambavyo havijapata kuandikwa. Na anayeshuku insha amwite mwanafunzi, amhoji ana kwa ana, asome rasimu zake kabla ya kuandika hiyo sufuri.