Vioo vya majengo vituhifadhi, visituanike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya vioo vya majengo ya biashara na karatasi za plastiki zinazobandikwa kwenye vioo hivyo, ambazo mitaani tunaziita tinti. Mimi ni fundi wa vioo na alumini hapa Dar es Salaam, na kazi hii ndiyo inayonilisha mimi na familia yangu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yananihusu mimi mwenyewe pia.

Miaka michache iliyopita niliitwa kubandika tinti katika zahanati moja ya binafsi, ambayo sitaitaja. Ilikuwa imepanga ghorofa ya chini ya jengo lililojengwa kwa ajili ya duka, na upande wote wa barabarani ulikuwa ni kioo kutoka sakafuni mpaka darini. Mwenye zahanati alitaka tinti ile inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, kwa sababu alikuwa ameiona mahali pengine ikampendeza. Nilijua kasoro yake, lakini sikusema. Karatasi hiyo ndiyo niliyokuwa nayo, na mteja akiambiwa mengi huenda kwa fundi mwingine. Nikabandika, nikalipwa, nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye nilikuwa ndani ya daladala, yapata saa moja usiku, magari yamesimama kwenye foleni mbele ya zahanati ile ile. Taa za ndani zilikuwa zimewashwa. Abiria wote wa upande wangu tuliona ndani kama watu wanaotazama sinema: nani amekaa kwenye benchi, nani ameshika cheti, nani anasubiri kwenye mlango wenye kibao cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU. Abiria mmoja akamtambua mama mmoja, akamtaja kwa jina, na wenzake wakacheka. Yule mama hakuwa na habari. Alikuwa amegeukia kioo, anajitazama na kutengeneza mtandio wake.

Ndugu Mhariri, naomba nieleze jinsi jambo hili linavyotokea, maana wenye majengo wengi hawalijui. Tinti ya kung'aa huficha upande wenye mwanga mdogo na kuuonyesha upande wenye mwanga mwingi. Mchana jua liko nje, basi aliye nje hujiona mwenyewe tu. Jua likishatua na taa zikawashwa ndani, mambo hugeuka: aliye nje huona kila kitu, na aliye ndani ndiye anayejiona mwenyewe, akadhani kwamba amestirika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Tinti hii imeazima mwanga wa jua, na jua huwa halikeshi.

Kesho yake nilirudi kwa mwenye zahanati nikamweleza ukweli, nikaibandua tinti ile na kuweka ya ukungu. Lakini yule mama siwezi kumrudishia siri yake. Ndiyo maana naandika barua hii.

Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI inataka majibu ya mgonjwa yatunzwe kwa siri, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Je, ina maana gani kufungia faili la mgonjwa kabatini kwa kufuli, halafu mwenye faili akaanikwa barabarani? Mtu akishaonekana mara moja, mara ya pili haendi, na asipokwenda anaumia yeye na watoto wake.

Kwa maoni yangu, kabla mwenye jengo hajachagua rangi wala bei, ajiulize mambo matatu: namficha nani, asionwe na nani, na saa ngapi? Akishapata majibu, uchaguzi unakuwa rahisi.

Kwanza, mahali pa wagonjwa, pa ushauri na pa mazungumzo ya siri panafaa tinti ya ukungu. Hiyo hupitisha mwanga lakini huvuruga sura, usiku na mchana. Wala si lazima kufunika kioo chote. Mkanda unaoanzia magotini mwa mtu aliyesimama na kupita kidogo kichwa chake unatosha, na sehemu ya juu ikaachwa wazi ili mwanga uingie. Lakini mkanda upimwe kwa kusimama nje barabarani, kwa sababu mara nyingi sakafu ya ndani na barabara havilingani. Tena mabenchi yasigusane na kioo, maana mtu akikisogelea sana kivuli chake huonekana.

Pili, zipo stika za picha zenye matundu madogo madogo, ambazo nje zinaonyesha tangazo na ndani mtu anaona barabara. Hizi zinafaa kwa duka. Hazifai kwa zahanati, kwa sababu usiku taa za ndani hupenya kwenye matundu yale na watu wakaonekana. Isitoshe, vumbi huziba matundu, na jua letu hufifiza picha ile mpaka jengo likaonekana kama limevaa matambara. Na mwenye duka asifunike kioo chote kwa matangazo ya soda na simu. Atalazimika kuwasha taa mchana kutwa, na siku wakiingia majambazi hakuna mpita njia atakayewaona.

Tatu, tinti nyeusi tupu isiwekwe ovyo kwenye vioo vinavyotazama mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hupiga moja kwa moja. Weusi ule hunyonya joto, kioo kikapata moto katikati huku kingo zake zikiwa baridi ndani ya fremu, kikapasuka. Vioo vyenye waya ndani ndivyo vinavyoathirika zaidi.

Nne, tusisahau usalama. Tarehe 7 Agosti, 1998, balozi za Marekani za hapa Dar es Salaam na Nairobi zilipopigwa mabomu, watu wengi mjini Nairobi walipofuka au kujeruhiwa na vipande vya vioo vya majengo ya jirani. Zipo karatasi nene ambazo kioo kikivunjika huvishika vipande visiruke. Hata mlango wa kawaida wa kioo unahitaji alama mbili, moja usawa wa kiuno na nyingine usawa wa macho, ili mtoto au mzee asijigonge uso. Gharama yake ni ndogo mno.

Lakini, Ndugu Mhariri, nisieleweke vibaya. Sisemi kila kioo kizibwe. Kuna ofisi ambazo wananchi tunapanga foleni nje ya dirisha jeusi, hatujui kama ndani kuna mtu anayefanya kazi au viti vitupu. Faragha ni ya mgonjwa na ya mwenye shida; si ya karani anayekunywa chai saa za kazi. Mahali panapopokelewa fedha za wananchi na panapogawiwa huduma ya umma pawe wazi, watu waone.

Ninawaomba wenye majengo wasipokee kazi ya fundi mpaka wamesimama nje usiku, taa zote za ndani zikiwa zimewashwa, wakatazama kwa macho yao. Ni dakika tano tu. Ninaziomba halmashauri na wakaguzi wa zahanati wasiishie kuhesabu vitanda na vyoo, watazame na vioo. Na mafundi wenzangu nawaomba tuwaambie wateja ukweli hata kama tutakosa kazi. Mimi nilinyamaza nikalipwa, na aliyeaibishwa ni mtu mwingine.

Zamani wazee wetu walizungushia nyumba ua wa makuti. Aliye ndani aliwaona wapita njia, upepo ulipita, na heshima ya nyumba ilibaki. Kama makuti yaliweza kutuhifadhi, sioni kwa nini vioo vya leo, pamoja na gharama zake zote, vishindwe.

Fundi Vioo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.