Ushindi wa Novemba huanzia kwenye benchi la mwaka uliopita

Timu ikifungua msimu kwa kushinda mechi zake zote, waandishi wa michezo huwa na methali mbili mkononi. Mwenye shauku husema nyota njema huonekana asubuhi; mwenye tahadhari humjibu kwamba kutangulia si kufika. Wanaonekana kupingana, kumbe wote wawili wanauliza swali lilelile: je, timu hii itatwaa kombe? Naona swali hilo linaulizwa mahali pasipo pake. Mechi za mwanzo zinatuambia machache kuhusu kombe, na mengi sana kuhusu jambo ambalo kombe likija hulifunika, yaani namna kocha alivyowalea wachezaji ambao mwaka uliopita hawakuwa wakianza. Sijui mfano ulio wazi kuliko timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha South Carolina, nchini Marekani, mwezi Novemba 2023.

Kumbuka ilikotoka. Msimu wa 2022/23 South Carolina ilishinda mechi 36 mfululizo, ikaenda Dallas kucheza nusu fainali ya taifa ikiwa bingwa mtetezi, na huko Machi 31 ikafungwa na Iowa 77 kwa 73. Caitlin Clark, nyota wa Iowa, peke yake alifunga pointi 41. Katika mechi hiyo Clark alimwacha Raven Johnson, aliyetokea benchi, akiwa peke yake nje ya mstari wa pointi tatu, akampungia mkono kana kwamba hakuna haja ya kumkaba, na picha hiyo ikazunguka dunia nzima. Siku kumi baadaye wachezaji watano wa South Carolina waliteuliwa na klabu za ligi ya kulipwa ya WNBA, Aliyah Boston akiwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa. Kizazi cha Boston kilikuwa kimeshinda mechi 129 na kupoteza 9 tu katika miaka minne. Kikosi cha kwanza chote, wachezaji watano, kikawa kimeondoka. Waandishi wanaopiga kura ya shirika la habari la AP waliiweka timu hiyo nafasi ya sita kabla ya msimu mpya, na sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Ukiondolewa watano kwa mpigo, nani asingekushusha?

Mechi ya kwanza ilichezwa Paris Novemba 6, katika ukumbi wa Halle Georges Carpentier, dhidi ya Notre Dame iliyokuwa nafasi ya kumi. South Carolina ilishinda 100 kwa 71. Siku sita baadaye iliifunga Maryland 114 kwa 76, na wiki iliyofuata ikapanda hadi nafasi ya kwanza. Gumzo la Paris lilikuwa ni MiLaysia Fulwiley, msichana wa mwaka wa kwanza, aliyefunga pointi 17, akatoa pasi sita za vikapu na kupokonya mipira sita. Kabla ya mapumziko aliuchukua mpira upande wake wa uwanja, akawapita mabeki kwa kuuzungusha nyuma ya mgongo, akafunga. Alistahili sifa zote alizopewa. Lakini orodha ya wachezaji wa siku ile inasomeka vizuri zaidi ukianza na wale ambao hawakuwa wapya. Kamilla Cardoso, Raven Johnson, Bree Hall, Ashlyn Watkins, Chloe Kitts na Sania Feagin: wote hawa walikuwemo kikosini msimu uliotangulia, na karibu dakika zao zote walizicheza wakitokea benchi.

Cardoso ndiye anayefaa kutazamwa kwa kituo. Alitoka Montes Claros, Brazil, akiwa kijana mdogo, akaanzia Chuo Kikuu cha Syracuse ambako alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa ukanda wao, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, akiwa mwaka wa kwanza tu. Angeweza kubaki huko akiwa malkia. Mwaka 2021 akahamia South Carolina, na kwa misimu miwili akacheza nyuma ya Boston, mchezaji bora wa taifa wa nafasi ileile. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa SEC, ukanda wa South Carolina, tuzo ambayo wengi huipokea kama pole. Sasa fikiria maana yake kiufundi. Mchezaji wa akiba katika timu kubwa hucheza mechi mbili: ile ya jioni, ambayo huenda akapewa dakika kumi na tano, na ile ya mazoezini, ambako kila siku anamkaba aliye bora kuliko wote nchini. Ile ya pili haina watazamaji wala haiandikwi popote. Dawn Staley, anayeifundisha timu hiyo tangu 2008, alikuwa na desturi ya kutumia wachezaji tisa au kumi hata mechi ilipokuwa bado haijaamuliwa, na hapo ndipo penye gharama. Kila dakika unayompa anayejifunza ni dakika unayomnyima aliyekwisha kujua. Kocha anayeogopa kufungwa leo huikwepa gharama hiyo, na deni lake hulipwa Novemba inayofuata.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosikika mara nyingi, ni kwamba mechi za mwanzo huchezwa na wanyonge. Kuna ukweli ndani yake. Katika wiki zilezile South Carolina iliifunga Mississippi Valley State 101 kwa 19, na mtu akiniletea matokeo hayo kama ushahidi wa ubora nitamrudishia. Vyuo vikubwa hualika vidogo ili kujaza ratiba, na vidogo huhitaji fedha za mwaliko. Hata mechi ya Paris ina kasoro yake: Notre Dame ilicheza bila Olivia Miles, kiongozi wake wa mashambulizi, aliyekuwa ameumia goti, na bado Hannah Hidalgo, aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza ya chuo, aliifungia pointi 31. Ila ratiba haikuishia hapo. Kabla ya katikati ya Desemba timu ilikwenda ugenini kwa North Carolina ikashinda 65 kwa 58, ikaifunga Duke 77 kwa 61, kisha Utah 78 kwa 69. Hizo ni mechi za kubanwa na za kutoka jasho, na wengi wa waliozishinda ni walewale waliokuwa wa benchi Dallas. Mwenye kutilia shaka ushindi wa mapema ana haki ya kuuliza ulipatikana dhidi ya nani. Hana haki ya kuacha kuangalia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linashika takwimu. Linasema Novemba haitabiri Aprili. Mfano unaotolewa ni timu ya UCLA: Novemba 24, 2024, iliifunga South Carolina hiyohiyo 77 kwa 62 na kukata mfululizo wa ushindi wa mechi 43, ikashinda mechi zake 23 za mwanzo, lakini nusu fainali ya Aprili 2025 ikapondwa na UConn 85 kwa 51. UConn nayo ilikuwa imeshapoteza mechi tatu msimu huo, zikiwemo mbili za Desemba, na ndiyo iliyotwaa ubingwa. Nakubali yote hayo, na nasema yanaunga mkono hoja yangu. Mfumo wa vyuo vya Marekani haufanani na ligi yetu ya soka, ambako pointi za Agosti zina uzito uleule wa pointi za Mei. Huko timu 68 huingia kwenye mashindano ya mtoano, na jioni moja mbaya inatosha kukurudisha nyumbani. Kombe linapima jioni sita. South Carolina yenyewe, katika msimu wa 2023/24 iliomaliza na ushindi 38 bila kipigo, iliponea chupuchupu kwa Tennessee, 74 kwa 73, kwenye mashindano ya ukanda wake, pale Cardoso alipotupa na kufunga wakati mechi inakatika, na huo ulikuwa mtupo wa pointi tatu wa kwanza kuingia katika maisha yake yote ya chuo. Mpira ule ungegonga chuma na kutoka, je, kazi iliyofanywa tangu Paris ingekuwa ndogo? UCLA ya Novemba 2024 vilevile ilikuwa imejengwa na wasichana waliofungwa na LSU Machi iliyotangulia, ambao wengi wao walirudi pamoja wakiwa wamekomaa. Matokeo yao ya Novemba yalisema kweli kuhusu kilichokwisha kufanyika. Kipigo cha Aprili hakikuyafuta.

Wapo wanaosema haya yote ni fedha na vipaji: chuo chenye ukumbi wa watu 18,000 unaojaa, kinachosajili nyota kila mwaka, lazima kianze vizuri. Jibu langu ni LSU. Mwaka 2023 ilikuwa bingwa wa taifa, ilimbakiza Angel Reese, ikaongeza Hailey Van Lith kutoka Louisville na Aneesah Morrow kutoka DePaul, waliokuwa kati ya wachezaji waliotafutwa kuliko wote katika dirisha la uhamisho, ikawekwa nafasi ya kwanza. Siku ileile South Carolina ilipokuwa Paris, LSU ilifungwa na Colorado 92 kwa 78. Vipaji vilikuwepo, muda wa kucheza pamoja ndio haukuwepo. Na kipaji nacho hakikai mahali kwa sababu tu kimesajiliwa. Saniya Rivers aliingia South Carolina mwaka 2021 pamoja na Johnson, Hall na Feagin, akaondoka baada ya msimu mmoja kwenda NC State, na Novemba 12, 2023, akaifungia timu yake mpya pointi 33 ilipoiangusha UConn. Hapo pana somo gumu kwa kila kocha, Staley akiwemo: benchi ni mahali ambapo mchezaji hukomaa au huondoka, na wa kulaumiwa si lazima awe mchezaji.

Fainali ya Aprili 7, 2024, mjini Cleveland, ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 18, wengi kuliko waliotazama ile ya wanaume. South Carolina iliifunga Iowa 87 kwa 75. Clark alifunga 30, 18 kati ya hizo katika robo ya kwanza, kisha Raven Johnson, yuleyule aliyepungiwa mkono, akawa miongoni mwa waliomkaba hadi akapungua. Wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga pointi 37. Wa Iowa hawakufunga hata moja. Aliyeanza kutazama Aprili aliona tofauti hiyo kama ajabu ya usiku mmoja. Aliyetazama tangu Novemba alikuwa ameiona ikijengwa, timu ambayo mfungaji wake mkuu, Cardoso, alikuwa na wastani wa pointi 14.4 tu, kwa kuwa vikapu viligawanywa kwa wengi.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa wahariri wa kurasa za michezo wa Afrika Mashariki, kwa kuwa jambo hili limeshatufikia nyumbani. Madina Okot, Mkenya aliyeichezea Zetech kabla ya kwenda Mississippi State mwaka 2024, alihamia South Carolina mwaka 2025. Wiki chache kabla ya msimu kuanza Kitts akaumia goti, na mzigo wa chini ya kikapu ukamwangukia Okot kwa sehemu kubwa. Binti wa aina hii hutajwa kwetu mara mbili: anaposajiliwa na anapokaribia kombe. Katikati ya hapo kuna miezi mitano ya dakika alizopewa, mipira aliyodaka iliporudi kutoka ubaoni, na makosa yaliyomfanya aketi. Takwimu hizo zote huchapishwa baada ya kila mechi, bure, na safu moja ya gazeti kila wiki inatosha kuzibeba. Anza nazo Novemba, na pembeni mwa jina lake andika pia la msichana anayeingia uwanjani yeye anapotoka kupumzika.