SEHEMU YA 4: Taya limevimba, jino limeng'olewa. Picha iko wapi?

Mama zangu, na baba mnaosoma kimyakimya, leo nina ugomvi.

Mtoto wa miaka 9 amevimba taya upande mmoja. Halii, anakula, analala. Anapelekwa kituoni, anaandikiwa amoksilini. Wiki mbili baadaye uvimbe upo palepale, anaandikiwa tena. Mara ya tatu linang'olewa jino lililo karibu na uvimbe, jino zima lisilo na tundu. Na hajapigwa picha hata moja! Hiyo si tiba jamani, ni kubahatisha. Wenzangu wa kituoni mtaninunia, nuneni tu.

Ndani ya mfupa wa taya kunaweza kutokea mfuko wa maji, madaktari wanauita sisti. Si jipu, kwa hiyo antibayotiki haiuondoi. Upo unaozunguka kichwa cha jino la ukubwani ambalo bado halijatoka: unalizuia, huku unakula mfupa taratibu. Mwingine ni wa ajabu zaidi, ni uwazi tu ndani ya mfupa, hata utando wa ndani hauna. Huo huwapata zaidi vijana wa umri wa sekondari, na mara nyingi unaonekana kwa bahati, mtu akipigwa picha kwa sababu nyingine. Meno yaliyo juu yake ni mazima kabisa. Daktari anafungua, anakwangua, damu inajaa pale, mfupa unajijenga. Sasa jino lilitolewa la nini? Na upo uliojaa damu. Huo ukichokonolewa bila kujua ni nini, mtoto anavuja damu mpaka mnaanza kutafutana.

Tena si kila uvimbe ni sisti. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika kuhusu saratani ya taya kwa watoto wa huku kwetu. Ile hukua kwa siku, si kwa miezi, na meno yanalegea. Ikiwahiwa inatibika kwa dawa za saratani. Mtoto wa namna hiyo akikaa wiki sita anameza amoksilini, tumemfanyia nini?

Halafu kuna bibi na majirani: "Subirini, meno yanaota." Meno yanaota, ndiyo, lakini hayavimbishi mfupa miezi mitatu. Linganisha kulia na kushoto. Jino la upande mmoja likishatoka, na mwenzake ikapita miezi 6 halijaonekana, omba picha hata kama hakuna uvimbe.

Mnaogopa mionzi? Picha moja ya taya zima ni sawa na mionzi tunayoipata sote kwa siku chache tu, kutoka ardhini na angani. Mnaogopa gharama? Hapo nawaelewa. Ila jumlisheni dozi tatu, nauli za kwenda na kurudi, na jino ambalo halirudi.

Kwa hiyo ukiambiwa "tunang'oa", uliza: picha imeonyesha nini? Kama hakuna mashine, omba barua ya rufaa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya. Na kikikatwa kinyama, uliza kimepelekwa maabara au kimeishia kwenye ndoo.

Sehemu ya 5 kesho usiku nikitoka zamu: sisti iliyotolewa ikarudi tena.